Tairi Halipasuki kwa Shibe

Tulipofika Chalinze jua lilikuwa limeshapanda. Mjomba aliegesha gari kwa fundi pancha, akashuka, akayagusa matairi manne kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa.

"Fundi, hebu yapunguze upepo kidogo," alisema. "Tunakwenda Tanga, na jua hili litayapasua."

"Kweli mzee, leo lami inachemka," fundi akajibu. Akainama, akabonyeza kila valvu kwa ncha ya msumari, upepo wa moto ukatoka ukilia. Hakuna aliyepima. Mjomba alisikiliza kwa sikio tu, na alipoona inatosha akainua mkono.

Tulikuwa tumeiacha Mkata nyuma pale tairi la mbele kushoto lilipopasuka. Mlio wake haukufanana na pancha niliyoizoea mjini. Kilikuwa kishindo kimoja kikubwa, kisha vishindo mfululizo chini ya miguu yangu, kashata, ule mpira wa tairi unaoshika lami, ilipokuwa ikibanduka na kuchapa bodi. Gari lilivutika kushoto kuelekea mtaroni. Nikapiga kelele: "Breki! Mjomba, breki!"

Hakukanyaga. Mikono yake iliukaza usukani, macho yakabaki mbele kwenye lami, na mguu haukuondoka kwenye mafuta. Gari likanyooka. Ndipo akaanza kuachia mafuta polepole, kidogo kidogo, hadi tukawa tunatambaa, akalitoa nje ya lami na kulisimamisha kwenye majani.

"Ningekusikiliza, tungekuwa porini," aliniambia huku sauti ikimtetemeka. Somo hilo alilipata ujanani, alipokuwa utingo wa lori, kwa dereva aliyekuwa akimrudia kila safari: tairi likipasuka, mguu wako na breki wasijuane.

Tulifunga spea tukaenda taratibu mpaka Segera. Fundi wa pale aliliangalia tairi lililobaki vipande, kisha bila kuombwa akaanza kulibonyeza lile la kulia. Akalifungua kutoka kwenye rimu, akalitikisa, na unga mweusi, laini kama masizi, ukamwagika chini.

"Mzee, hili nalo lilikuwa njiani kufa," alisema. "Limetembea bila upepo."

"Nimelipunguza kidogo tu, kwa sababu ya jua."

Fundi alitikisa kichwa, akaendelea na kazi.

Ule unga mweusi haukunitoka akilini. Kwa siku moja Mjomba alikuwa amefanya kosa kubwa na jambo sahihi kabisa, na yote mawili aliyafanya kwa uhakika uleule. Kosa angeweza kulirithisha kwa wanawe sawasawa na ujuzi. Sayansi ya tairi inatusaidia kuvitenganisha hivyo viwili, na inafaa kujulikana na kila anayepanda gari, hata asiyeshika usukani.

Kinachobeba gari

Muulize mtu yeyote gari hubebwa na nini, atakujibu: matairi. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Toa upepo, na tairi lilelile litalala chini kama kitambaa na kuiacha rimu ikikaa juu yake. Anayebeba mzigo ni hewa. Kazi ya mpira, nyuzi na waya za chuma ni kuizuia hewa hiyo isitoroke.

Wazo hili ni kongwe kuliko gari lenyewe. Robert William Thomson, Mskoti, alipata hati miliki ya gurudumu la hewa mwaka 1845, enzi za magari ya kukokotwa na farasi, lakini uvumbuzi wake ukasahaulika. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hati miliki yake baada ya kuifungia baiskeli ya mwanawe, ile ya magurudumu matatu, mipira iliyojazwa hewa. Safari hii dunia haikusahau.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua gari dogo ambalo pamoja na abiria lina kilo 1,500. Kila tairi linabeba kama kilo 375. Upepo wa 32 kwenye kipimo cha fundi, yaani psi 32, una nguvu ya kilo mbili na robo hivi kwa kila sentimita moja ya mraba. Gawanya mzigo kwa nguvu hiyo, utapata sentimita za mraba 167 hivi. Hilo ndilo eneo la tairi linalogusa lami: kiganja kimoja kilichokunjuliwa pamoja na vidole vyake. Familia nzima, mizigo na gari lenyewe, vyote vinakimbia barabarani juu ya viganja vinne.

Sasa punguza upepo kwa robo, uwe 24. Mzigo haujapungua. Hewa iliyodhoofika haina njia ya kuubeba ila kuutandaza, na eneo linalogusa chini linakua mpaka sentimita za mraba 220 na zaidi. Ili eneo likue hivyo, tairi lazima libonyee na ubavu wake ujikunje kuliko ulivyokusudiwa. Kwa gari lililosimama, huo ni mkunjo tu. Kwa gari linalokimbia, ni mwanzo wa moto.

Joto linatoka wapi

Dondosha mpira wa kitenesi sakafuni kutoka kimo cha kifua chako. Utaruka juu, lakini hautakifikia kifua. Ile nguvu iliyopungua haikupotea. Imegeuka joto ndani ya mpira. Mpira umeundwa kwa molekuli ndefu mithili ya nyuzi zilizosokotana. Ukiubonyeza, nyuzi hizo husukumana na kusuguana, na ukiuachia hurudi zilikotoka lakini hazirudishi nguvu yote uliyozipa.

Charles Goodyear wa Marekani ndiye aliyegundua, mwaka 1839, kwamba mpira ukipashwa moto pamoja na salfa, nyuzi zake hufungamana na kuwa imara. Kabla ya hapo mpira ulinata kama ulimbo wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Bila ugunduzi huo tusingekuwa na tairi hata moja. Lakini hata mpira wa Goodyear hutoza ushuru: kila unapokunjwa na kukunjuka, hubaki na chembe ya joto.

Chembe hizo hesabu yake ni kubwa. Tairi la kawaida la gari dogo lina mzingo wa mita mbili hivi, kwa hiyo kila kilomita huzunguka mara 500. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, safari ya kilomita kama 190, linazunguka karibu mara laki moja, na kila mahali pa tairi panapondwa na kunyooshwa mara karibu laki moja. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, mapigo hayo ni 14 kwa kila sekunde.

Tairi lenye upepo wa kutosha hujikunja kidogo, na joto dogo linalotengenezwa huchukuliwa na hewa inayopita. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja sana na kutengeneza joto kwa kasi kuliko hewa inavyoweza kuliondoa. Joto likizidi, mpira hulainika, na mpira laini hujikunja zaidi, na mkunjo huo huzaa joto jingine. Ubavu huanza kujisaga kwa ndani. Ule unga mweusi uliomwagika Segera ulikuwa mpira wa tairi uliosagwa na tairi lenyewe.

Wakati huohuo kuna vita vingine chini ya kashata. Ndani ya tairi la kisasa kuna mikanda ya waya za chuma iliyogandamanishwa na mpira. Mahali chuma na mpira vinaposhikana, hasa kwenye kingo za mikanda, ndipo penye udhaifu. Joto na umri hulegeza mshikamano huo, ufa mdogo huanza, nao hutembea kimyakimya kwa siku au miezi. Kwa kilomita 100 kwa saa, mzunguko huifanya kila gramu ya kashata ivutwe kuelekea nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa gramu 250 hivi. Kwa kilomita 120, ni karibu 350. Ikifika siku ambayo ufa umeenea vya kutosha, kashata hubanduka kama ganda la ndizi.

Vipi basi kuhusu hofu ya Mjomba, kwamba jua huivimbisha hewa mpaka tairi lipasuke? Hewa hutanuka kweli, ila hesabu yake ni ndogo kuliko tunavyodhani. Tairi lililojazwa psi 32 asubuhi likiwa na nyuzi joto 27, likifika nyuzi 60 safarini, upepo wake hupanda hadi psi 37 hivi. Waliolibuni walijua litapanda, na ile 32 ya asubuhi waliipanga wakiijua 37 ya mchana. Tairi zima huhimili nguvu kubwa kuliko hiyo kwa mbali.

Tazama sasa alichofanya fundi wa Chalinze. Tuseme alikuta 37 katika matairi ya moto, akayashusha hadi 30, na kila mtu akaridhika. Matairi hayo yakipoa usiku yatasoma kama 26. Ishike namba hiyo.

Kuzidisha nako kuna ubaya. Tairi lililojazwa kupita kiasi hushika lami kwa eneo dogo, huisha katikati, na huumia zaidi likigonga ukingo wa shimo. Na yapo matairi yanayouawa na msumari, jiwe au shimo hata yakitunzwa vizuri. Lakini kwenye safari ndefu ya jua kali, muuaji anayesingiziwa ni shibe, na anayeua ni njaa.

Somo la mwaka 2000

Ukweli huu uliwahi kulipiwa kwa uhai wa watu wengi. Miaka ya 1990 gari la Ford Explorer lilikuwa maarufu sana Marekani. Lilikuwa gari refu kwenda juu, na liliuzwa likiwa na matairi ya Firestone. Ford ilishauri yajazwe psi 26, miongoni mwa sababu ikiwa kulifanya gari hilo litulie na liwe laini barabarani. Baadaye Firestone ilishauri 30.

Ikaanza kujitokeza ajali ya aina moja. Gari linakwenda kasi barabara kuu, siku ya joto, limejaa watu na mizigo. Kashata ya tairi, mara nyingi la nyuma, inabanduka. Dereva anashtuka, anakanyaga breki au anakata usukani, na gari linapinduka. Taarifa zilitoka kwenye majimbo ya joto kama Texas, Florida na Arizona, na pia Venezuela na Saudi Arabia, nchi ambazo jua lake na lami yake tunaweza kuvielewa vizuri.

Agosti 2000 Firestone ikayaita matairi milioni 6.5 yarudishwe. Serikali ya Marekani ilihusisha vifo 271 nchini humo na matairi hayo. Kampuni hizo mbili, zilizokuwa zimeshirikiana karibu karne nzima, zililaumiana hadharani na kuvunja ushirikiano wao mwaka 2001. Wachunguzi hawakukuta sababu moja tu. Walikuta udhaifu katika muundo wa matairi yale, hasa kwenye kingo za mikanda ya chuma, na walikuta kwamba joto, mzigo, mwendo na upepo mdogo viliuchochea.

Somo kubwa lilikuwa jinsi kifo cha tairi kinavyokuja. Dereva husikia kishindo kimoja na kudhani balaa limeanza hapo, kumbe tairi limekuwa mgonjwa kwa muda mrefu bila kutoa sauti. Kwa sababu hiyo Marekani ilipitisha sheria mwaka uleule wa 2000, na kutokana nayo magari madogo mapya yote yanayouzwa huko tangu Septemba 2007 lazima yawe na kifaa cha kumwonya dereva upepo unapopungua. Ile taa ya njano ya kwenye dashibodi, yenye umbo la tairi na alama ya mshangao katikati, ilienezwa na makaburi hayo. Tunapoizoea ikiwaka na kuendelea na safari, tunalipuuza onyo lililogharimu sana. Utafiti wa serikali ya Marekani uliofuata ulionyesha kwamba gari lenye matairi yaliyopungukiwa upepo kwa zaidi ya robo linakuwa kwenye hatari mara tatu zaidi ya kupata ajali inayohusiana na matairi.

Mguu na breki

Sasa tugeukie lile alilolipatia Mjomba.

Gari la kilomita 100 kwa saa hupita mita 28 kila sekunde. Kabla hujamaliza kusema "Mungu wangu," umekwishapita urefu wa uwanja wa mpira wa kikapu. Katika muda huo kuna mambo mawili yanayoendelea chini yako.

La kwanza ni mburuto. Tairi zima halikawizi gari sana. Linalirudisha nyuma kwa nguvu ya kilo nne hivi tu. Tairi lililopasuka hukokotwa badala ya kubingirika, na nguvu hiyo huongezeka mara nyingi. Ni kama mtu ameshika kona moja ya gari na kuivuta nyuma, na ndiyo maana gari huelekea upande wa tairi lililopasuka. Likiwa la mbele, utalisikia kwenye usukani. Likiwa la nyuma, utalisikia kwenye kiti, kwa sababu mkia wa gari huanza kuyumba. La nyuma ndilo la hatari zaidi, maana usukani hauna mamlaka juu ya magurudumu ya nyuma. Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri kwamba ukinunua matairi mawili mapya, uyafunge nyuma.

La pili ni mshiko. Kati ya vile viganja vinne vinavyoshika lami, kimoja kimepoteza nguvu. Ukikanyaga breki hapo, uzito wa gari hukimbilia mbele na mkia huwa mwepesi. Matairi mazima hushika kwa nguvu, bovu haliwezi, na gari huanza kuzunguka. Kuinua mguu ghafla kutoka kwenye mafuta nako ni breki ndogo, kwa maana injini hulirudisha gari nyuma na uzito huenda mbele vilevile.

Hivyo utaratibu ni huu. Shika usukani kwa mikono miwili na uelekeze macho kule unakotaka kwenda. Ukiutazama mtaro, mikono itakupeleka mtaroni. Acha mguu kwenye mafuta, hata kama ni lazima ukanyage kidogo zaidi kwa muda mfupi sana. Shabaha si kwenda kasi, bali kuupinga ule mburuto mpaka gari linyooke. Lisahihishe kwa usukani kidogo kidogo, kwa sababu wengi hawapinduki kwa sababu ya tairi, hupinduka kwa kuurudisha usukani kwa nguvu kupita kiasi. Gari likishashika mstari, achia mafuta taratibu na uuache mburuto wenyewe ulipunguze. Likifika chini ya kilomita 50 kwa saa, washa taa za tahadhari, toka nje ya lami, na kama unahitaji breki, ikanyage kwa upole.

Ubongo hautaupenda utaratibu huo hata kidogo. Hofu huuamuru mguu kukanyaga kabla akili haijapata nafasi ya kushauriana nao. Dawa ni kujizoeza mapema, ukiwa umetulia. Unapoingia barabara kuu, jiambie kwa sauti: likipasuka, usukani kwanza, breki mwisho. Dereva yule wa lori alimrudia Mjomba maneno kama hayo kila safari, na baada ya miaka mingi mguu wake uliyakumbuka.

Kwa abiria ninalo neno kutoka kwenye kosa langu mwenyewe. Usipige kelele za breki, wala usimshike dereva. Funga mkanda kabla ya safari na umwachie nafasi ya kufanya kazi yake.

Mwendo nao una hesabu yake. Nguvu ya mwendo iliyomo ndani ya gari hukua kwa mraba: gari la kilomita 120 kwa saa lina nguvu mara mbili na robo kuliko lilelile likiwa 80. Kikomo cha kilomita 80 kwa saa walichowekewa madereva wa mabasi na malori Tanzania na Kenya kinalalamikiwa na wengi, lakini tairi likipasuka ndicho kinachoamua kama abiria watashuka kwa mlango au kwa dirisha.

Gari likishasimama, hatari haijakwisha. Abiria wote washuke upande ulio mbali na magari na wakae nje kabisa ya barabara. Weka pembetatu za kuakisi mwanga mbali nyuma ya gari, hasa usiku. Pale yanapotumika matawi ya miti kama onyo, yaondolewe kabla ya kuondoka, kwa kuwa tawi lililosahauliwa gizani humwangusha mwendesha pikipiki. Ikiwa mahali pako ni pabaya kwa kupiga jeki, sogea polepole hadi mahali salama. Rimu hununuliwa nyingine.

Kabla ya safari

Upepo hupimwa asubuhi, kabla gari halijatembea, au baada ya kusimama saa tatu na zaidi. Hata tairi zima hupoteza karibu psi moja kwa mwezi, kwa hiyo pima kila mwezi na kabla ya kila safari ndefu. Ukilazimika kupima likiwa la moto na ukakuta namba imepanda kidogo, iache.

Namba sahihi imeandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Ile iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, hivyo isikuongoze. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na vibandiko vyake huandikwa kwa kPa. Shika viwili tu: 220 ni sawa na psi 32, na 250 ni sawa na psi 36. Ukibeba mzigo mkubwa, mara nyingi matairi ya nyuma huhitaji zaidi. Na spea ipimwe pia, kwa sababu wengi huigundua haina upepo siku wanapoihitaji.

Umri nao ni ugonjwa. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi wa magari hushauri kulibadilisha baada ya miaka sita, na wa matairi husema lisipite kumi. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata ya kupendeza na mshikamano uliozeeka ndani. Usoni ni kijana, mifupani ni mzee. Na uvimbe wowote ubavuni ni dalili kwamba nyuzi za ndani zimekatika; hakuna gundi inayouponya.

Tairi likitembea bila upepo hata kilomita chache, fundi alifungue na kuangalia ndani kabla ya kulijaza tena. Akikuta unga mweusi, limekwisha. Kwa matairi ya malori na mabasi, yanayojazwa psi 100 na zaidi, jambo hili ni la kufa na kupona. Waya za ubavuni zilizochoka zinaweza kukatika kwa mfululizo wakati wa kujaza, kama zipu inayofunguka, na hewa inayotoka huua. Fundi alijaze ndani ya kizimba cha chuma, naye asisimame ubavuni mwa tairi. Vijana wetu wanaofanya kazi hiyo kando ya barabara wanastahili kizimba hicho, na wenye malori wanaoingiza faida kwa mikono yao wawanunulie.

Mjomba bado anaendesha. Hazikuwa hesabu zangu zilizombadilisha. Ulikuwa ule unga wa Segera, ambao aliuchota kwa vidole na kuusugua mpaka vikawa vyeusi. Siku hizi, kabla ya safari ya Tanga, huamka alfajiri, hupiga magoti uani na kipimo chake, nami humshikia tochi na kuandika anazotaja.

"Thelathini na mbili," anasema. Anahamia jingine. "Thelathini na mbili." La tatu, thelathini na moja.

Kwenye la nne anakaa kidogo, anapima mara ya pili.

"Ishirini na sita," anasema. "Hili lina njaa." Ananyoosha mkono, nami nampa pampu.